Watahini, Njooni Ziwani: Barua ya Wazi kutoka Busia

Kwa watahini wa vyeti vya maofisa wahandisi wa meli, mlioko Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala. Nakala kwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Busia, mji ambao nusu yake ni Kenya na nusu ni Uganda, na ambao bila shaka baadhi yenu mmeupita usingizini ndani ya basi la usiku la Kampala. Nawaandikia kuhusu mtihani wa mdomo wa ofisa mhandisi wa meli: ule wa kukaa mbele ya mtahini bila kalamu wala kitabu, ukaulizwa utafanya nini kitu fulani kikiharibika chumba cha mashine saa tisa za usiku. Siombi uondolewe. Naomba utoke ofisini. Sehemu yake ifanyike kando ya mashine, watahini waje huku ziwani badala ya watahiniwa wote kuwafuata mliko, na yule anayetafuta cheti cha kufanya kazi ndani ya ziwa tu aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili.

Mimi ni injinia mstaafu. Jioni nawafundisha vijana nyuma ya gereji ya rafiki yangu, upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani. Wanatoka Port Victoria na Sio Port, wanatoka Majanji ng'ambo ya pili, na wapo wanaokuja kutoka Tororo wakiwa bado na vumbi la kazi. Wengine ni mafundi wa malori pale Malaba. Wawili walisomea mitambo ya kilimo Chuo Kikuu cha Busitema, na yupo binti mmoja anayekereza vyuma katika karakana ya Tororo, ambaye ukimpa shafti iliyopinda atakuambia imepinda wapi kabla hajachukua kipimo. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe hapa Februari 2018, kuvuka kuja darasani kumekuwa kazi ndogo kuliko kupata kiti cha kukalia.

Msishangae kwamba mji wa mpakani una wanafunzi wa meli. Upimaji wa kwanza wa reli, ule wa 1892, ulikusudia njia iishie Port Victoria, hapa kwetu Bunyala. Baadaye mawazo yakabadilika, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na Port Victoria ikabaki na jina kubwa na mitumbwi ya wavuvi. Tororo nayo ilipata reli yake, ikapata kiwanda cha saruji, na pamoja na hivyo ikapata kizazi baada ya kizazi cha watu wasioogopa chuma. Ziwa liko jirani, mafundi wapo. Kinachowashinda ni kuvuka kutoka ufundi hadi uofisa, na kizuizi kimoja kikubwa katika njia hiyo ni mtihani wenu.

Nianze na jinsi wanavyojiandaa, maana hapo ndipo kasoro ya mtihani inapoonekana. Kijana akishajua tarehe yake imekaribia, hatafuti injini. Anatafuta daftari. Ni mkusanyo wa maswali waliyoulizwa waliotangulia, pamoja na majibu, unaopita simu hadi simu kwa WhatsApp. Madaftari mengine yamepangwa kwa tabia za watahini: huyu anapenda boila, yule anapenda usukani, yule mwingine ukitaja jenereta ya dharura atakung'ang'ania hadi jioni. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mabaharia wa India na Uingereza wana madaftari ya namna hiyo, tena yao yamepangwa vizuri kuliko yetu. Majibu yako kwa Kiingereza kilichonyooka, nambari moja hadi kumi, na kijana anayahifadhi kama kasida. Nikimuuliza swali la nne ananipa jibu la nne. Nikiligeuza swali kidogo, bado ananipa jibu la nne.

Namba wanazo zote. Usukani mkuu uende kutoka digrii 35 upande mmoja hadi digrii 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28. Jenereta ya dharura iwake yenyewe na kushika mzigo ndani ya sekunde 45. Maji yanayomwagwa baharini kutoka chumba cha mashine yasizidi sehemu 15 za mafuta katika sehemu milioni. Hayo yote yanafaa kujulikana, na siku hizi hata simu inayajua. Mimi naogopa kijana anayejua sekunde 45 na ambaye, jenereta ikikataa kuwaka, hajui aanze kugusa wapi.

Chukueni swali kongwe kuliko yote: kengele ya ukungu wa mafuta imelia, utafanya nini? Jibu la daftari liko hivi: punguza mwendo, mjulishe nahodha, simamisha injini, ondoa watu, usifungue milango ya krenki, subiri dakika 20 au zaidi. Kila neno ni sahihi. Kisha namuuliza, kwa nini usifungue? Hapo darasa lote linatazama viatu.

Kwa hiyo tunaanza upya. Beringi ikikosa mafuta inapata joto. Mafuta yanayoirukia yanageuka mvuke, mvuke ukikutana na ubaridi unakuwa ukungu mweupe, na ukungu huo ukichanganyika na hewa kwa kadiri fulani, ile beringi iliyowaka inatosha kuulipua. Mlipuko wa kwanza mara nyingi ni mdogo. Unazisukuma gesi nje, halafu hewa safi inaingia kwa nguvu kupitia upenyo wowote ulioachwa, na mlipuko wa pili ndio unaoua. Anayefungua mlango achungulie anaipa injini hewa iliyokuwa ikiikosa. Septemba 1947 meli ya abiria Reina del Pacifico ilikuwa katika safari ya majaribio baada ya matengenezo, karibu na Ireland ya Kaskazini. Injini zake zililipuka kwa namna hii, wakafa watu 28. Msiba ule ndio uliowafanya wajenzi wa injini wazitilie maanani valvu za kupumulia mnazoziona leo ubavuni mwa kila injini kubwa. Kijana akishaelewa haya hana haja ya kukariri dakika 20. Anajua anachosubiri: chuma kipoe hadi kisiweze kuwasha tena.

Najua mtasema, sisi nasi tunauliza kwa nini. Naamini. Lakini daftari limeshawatangulia hata hapo; toleo jipya lina majibu ya kwa nini pia, yamekaririwa vilevile. Mtahini aliye ofisini, mwenye meza na mchoro ukutani, hana njia ya kumtambua aliyeelewa na aliyehifadhi, maana wote wawili wanasema maneno yale yale. Mashine ndiyo inayowatenganisha. Jirani yangu ana kinu cha kusaga mahindi kinachoendeshwa na injini ya Lister ya silinda moja, ya kuwashwa kwa hendeli. Nawapeleka pale. Gavana yake imechakaa, kwa hiyo mlio unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Namwambia kijana, sikiliza, niambie kuna nini. Wapo waliopata alama nzuri katika karatasi ya kuandika ambao hukaa kimya kabisa mbele ya Lister. Na yupo mmoja wa Majanji, hana Kiingereza cha kutosha kuombea maji, aliyeweka kiganja juu ya bomba la mafuta, akasikiliza kidogo, akasema: springi ya gavana imelegea na pini yake imelika. Ilikuwa hivyo hasa.

Mkataba wa kimataifa unaoongoza vyeti vya mabaharia, STCW wa 1978, haukuzuieni. Mnaujua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa barua hii hawaujui, niwaeleze. Ulirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010. Katika majedwali yake, mbele ya kila umahiri anaotakiwa kuwa nao ofisa wa zamu ya mashine, kuna safu inayotaja njia za kuuthibitisha: uzoefu ulioidhinishwa kazini, meli ya mafunzo, mashine ya kuigiza, au mafunzo kwenye vifaa vya maabara. Ofisi yenye meza mbili haimo katika safu ile. Mtihani wa mdomo ni urithi wetu kutoka kwa Waingereza, na ni urithi mzuri, ila hakuna kifungu kinachosema lazima ufanyike mbali na pampu. Mkimsimamisha mtahiniwa mbele ya pampu ya maji isiyovuta na kumwambia, haya, tafuta, hamtakuwa mmevunja mkataba wowote. Mtakuwa mmeukaribia zaidi.

Kuna jambo jingine katika mkataba huohuo linalowaumiza vijana wangu, na hili sitaki mlivunje, nataka mlieleze. STCW inahusu meli za bahari, na inazitoa wazi zile zinazosafiri katika maji ya ndani ya nchi tu. Maana yake, kijana aliyekesha kwenye mashine za kivuko cha ziwani miaka kadhaa anaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam na kuambiwa kwamba kwa cheti cha bahari hana hata mwezi mmoja wa utumishi. Kisheria ni sawa. Lakini hakuna aliyemwambia mapema. Anaambiwa akiwa ameshakata tikiti.

Kanuni ya III/1, ya ofisa wa zamu kwenye meli yenye nguvu ya kilowati 750 au zaidi, inafungua njia mbili. Ya kwanza ni programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, yenye kitabu cha kumbukumbu, ambamo karakana na bahari kwa pamoja havipungui miezi 12. Ya pili ni miezi 36 ya karakana na bahari kwa pamoja, ambayo 30 kati yake lazima iwe ya baharini. Katika njia zote mbili lazima kuwe na miezi isiyopungua 6 ya zamu chini ya usimamizi. Tazameni ile njia ya pili: miezi 6 inabaki ambayo inaweza kuwa ya karakana. Karakana gani? Yenye mitambo gani? Atie sahihi nani? Binti yangu wa Tororo anakereza shafti kila siku ya kazi. Hizo siku zinahesabika au hazihesabiki? Naomba jibu liandikwe, libandikwe, lisomeke na mtu asiyekuwa na mjomba bandarini.

Hapa niseme neno kuhusu kilowati, kwa kuwa vijana huzichukulia kwa wepesi. Injini ya lori la trela linalosubiri foleni Malaba ina kiasi cha kilowati 300 hivi. Fundi anayeiweza hiyo hajafika hata nusu ya pale cheti cha III/1 kinapoanzia. Siwadanganyi wanafunzi wangu kuhusu umbali huo. Injini ya meli inaweza kuwashwa kwa hewa iliyobanwa, inaweza kugeuzwa izunguke kinyume, inaweza kushika moto katika nafasi ya hewa chini ya pistoni bila mtu kuona mwali, na haina mahali pa kuegesha. Lakini mtu huanzia alipo, na wa kwetu wameanzia Fuso na Lister.

Sasa nije ziwani, maana cheti cha ziwani ndicho wengi wao watakachofanyia kazi maisha yao yote, na hapo STCW haina kauli. Hapo kauli ni ya sheria zenu: sheria za Kenya na Tanzania, Sheria ya Usafiri wa Majini ya Uganda ya 2021, na juu yake ile Sheria ya Usafiri ya Ziwa Victoria iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2007. Mna uhuru mkubwa kuliko mnaoutumia. Na maswali ya kuuliza yapo, ila daftari halinayo, kwa sababu limenakiliwa kutoka kwa watu wa bahari.

Ulizeni habari ya gugu maji. Limekuwa ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kila fundi wa boti Sio Port amewahi kuliondoa kwa mikono. Kivuko kinaingia gatini, joto la maji ya kupoza injini linaanza kupanda, pampu inazunguka lakini shinikizo limeshuka. Unageukia kichujio gani kwanza? Unazima injini moja au unapunguza zote mbili? Unamwambia nini nahodha aliye katikati ya kugeuza chombo? Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichoelea kilikwama kwenye bwawa la umeme la Jinja, Uganda nzima ikakaa gizani. Ikiwa magugu yaliweza kuizima nchi, yataishindwa pampu ya kivuko?

Ulizeni habari ya mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku limepungua kwa zaidi ya asilimia 10. Injini iliyojaribiwa kiwandani penye usawa wa bahari, ikaletwa hapa na kupewa mafuta yale yale, itatoa moshi mweusi na gesi zake za kutolea zitapanda joto. Kwa nini? Utarekebisha nini, na mwenye chombo akikulazimisha urudishe nguvu zote utamjibu nini? Mtahiniwa wa Chittagong au Glasgow hana haja ya swali hili. Wa kwetu analo kila asubuhi.

Ulizeni kuhusu tanki lililofungwa. Vijana wa huku wanalielewa hili bila kitabu, kwa sababu kila mmoja amesikia, na wengine wameshuhudia, habari ya mchimba choo aliyeshuka shimoni akanyamaza, akashuka wa pili kumtoa, akanyamaza, akashuka wa tatu. Muulizeni mtahiniwa kwa nini wa pili alikufa. Akiweza kueleza hewa ilivyokosekana, kipimo kinapaswa kusoma asilimia ngapi ya oksijeni kabla mtu hajashuka, na nani anakaa mlangoni na kamba, mmepata ofisa. Akianza kwa kutaja fomu ya kibali na nambari yake, hamjapata bado.

Na ulizeni kuhusu vyombo vyetu vilivyozama. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu naona watu wa mashine wanafundishwa kwamba uzito na msawazo wa chombo ni kazi ya nahodha. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilibaki ikielea tumbo juu kwa muda, na ndani mlisikika watu wakigonga. Ilitobolewa ili waokolewe. Hewa iliyokuwa imekishika chombo juu ya maji ikatoka, nacho kikazama. Mamia walikufa. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya watu 220, na siku ya pili baada ya ajali wapiga mbizi walimtoa mhandisi wake akiwa hai, kutoka sehemu ya ndani iliyokuwa imebaki na hewa. Wekeni visa hivi viwili mbele ya mtahiniwa, mmwambie: wewe ndiye uliye juu ya tumbo la chombo, unasikia kugongwa, watu wanakupa mashine ya kukatia chuma. Utafanya nini? Mwacheni afikiri. Mkimwona anataka kujua kwanza watu wako upande gani, chombo kinashikiliwa na nini, na kama kuna boti ya kukifunga kamba au puto za kukiinulia, basi mwandikieni cheti. Swali hilo halina jibu la nambari moja hadi kumi, na ziwa limeshatuuliza.

Kuhusu lugha nitasema machache. Cheti cha bahari kinataka Kiingereza. Jedwali la mkataba limelitaja hilo, na lina sababu, maana vitabu vya injini vimeandikwa kwa Kiingereza na chumba cha mashine cha meli ya kigeni kinaweza kuwa na Mfilipino, Mkroatia na Mhindi wasioelewana kwa lugha nyingine. Vijana wangu wanaotaka bahari nawafundisha Kiingereza jioni hizo hizo, na siwahurumii. Ila kwenye kivuko cha kwenda visiwa vya Sigulu au Mfangano, ofisa akimpigia kelele msaidizi wake afunge valvu ya mafuta, hapigi kelele kwa Kiingereza. Kwa nini basi nimpime kwa Kiingereza kama ataifunga? Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, Uganda ilikiweka katika katiba yake kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Tanzania haina haja ya kuelezwa, na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali mwaka 2021. Karatasi zote ziko tayari. Wapo Waganda ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na kwao Kiingereza ndicho kinachowatoka vizuri zaidi, waachiwe wachague. Na msiwasumbue kwa istilahi za kamusi. Fundi akisema nozeli, ringi, gavana, hedi, ameeleweka kutoka Kigoma hadi Lamu.

Naomba pia mambo mawili ya utaratibu, nayataja kwa haraka kwa kuwa hayana ubishi mkubwa. Chapisheni mnachokitafuta: ukurasa mmoja tu unaosema mtahini anapima nini na mtu anaangushwa kwa kosa gani. Kuna makosa ambayo yanastahili kumwangusha mtu papo hapo, kwa mfano kusema atafungulia gesi ya kuzimia moto kabla ya kuhesabu watu wake, au atatia maji baridi kwenye boila lililokauka likiwa bado linawaka. Semeni hivyo hadharani. Na mtu akiangushwa, apewe sababu kwa maandishi, si kichwa kutikiswa. Nimeona vijana wakirudi huku bila kujua walikosea wapi, wanaishia kununua daftari jipya.

La mpaka nimeliweka mwisho kwa sababu ni gumu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010, na imetaja kutambuliana vyeti vya taaluma. Wahandisi wa nchi kavu, wasanifu majengo na wahasibu wametiliana sahihi za kutambuana. Ofisa wa mashine ya ziwani ndiye ambaye kazi yake haijui mpaka: anaweza kuondoka Kisumu na mizigo, kushusha Port Bell, na kulala Mwanza wiki hiyo hiyo. Kaeni pamoja. Kamisheni iko Kisumu, ukumbi hautakosekana. Mtahini wa Kenya akae na wa Uganda mbele ya mtahiniwa mmoja, na atakayefaulu kwa cheti cha ziwani apokelewe pwani zote tatu bila kuulizwa upya. Mtabishana, najua, kila ofisi ina mhuri wake na mhuri huwa hautaki mwenzake. Bishaneni, lakini mbele ya mashine, kijana akiwa anawasubiri na spana mkononi.

Mkiamua kuja, gharama ni nauli yenu. Injini za kufanyia mtihani hazitakosekana: jirani yuko tayari kusimamisha kinu mchana mmoja, kwa sharti kwamba atakayeifungua Lister airudishe ikiwa inawaka, na gereji ina jenereta mbili ambazo moja haijawahi kutii mtu yeyote. Njooni na ovaroli. Mkifika msimu wa mvua, msipite njia ya Budalangi bila kuuliza kwanza habari za mto Nzoia.

Kati ya yote niliyoomba, la miezi ya karakana ndilo ningetaka lijibiwe kwanza, hata kama mengine yatasubiri vikao. Binti wa Tororo anatia sahihi mkataba mpya wa kazi mwisho wa mwezi huu. Anataka kujua kama amwombe msimamizi wake aanze kumwandikia kumbukumbu za kazi sasa, kwa fomu ipi, na nani aigonge mhuri.

Wenu katika kazi,

Injinia mstaafu,
Busia